Namna ya Kurithisha Jade Feki kwa Heshima Zote

Hongera. Umeamua kuwaachia wajukuu kitu cha kukukumbuka. Si shamba, maana shamba huja na kesi. Si dhahabu, maana dhahabu sonara yeyote wa mtaani anaiweka kwenye mizani, anatazama bei ya siku, na ukoo mzima unajua hapo hapo ulikuwa na uwezo gani. Umechagua jade. Umefikiri sana.

Jade haina bei ya gramu. Hakuna ubao wa bei ya jade Kariakoo, wala Dubai kwenye soko la dhahabu. Bangili mbili zinaweza kufanana kabisa machoni pa wifi yako, moja ikawa ya bei ya chakula cha mchana na nyingine ya bei ya nyumba, na tofauti yake isionekane na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ya harusi. Humo ndimo tutakamofanyia kazi. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na usimsomee mtu kwa sauti.

Hatua ya 1: Ijue halisi, ili uikwepe vizuri

Jina jade linabeba mawe mawili. Mfaransa Alexis Damour ndiye aliyeonyesha mwaka 1863 kwamba ni mawe tofauti kabisa: nefraiti na jadeiti. Nefraiti ndiyo Wachina wameichonga kwa maelfu ya miaka, na inayosifiwa kupita zote ni ile nyeupe ya Hetian, Xinjiang, wanayoiita ya mafuta ya kondoo. Jadeiti ndiyo ile ya kijani cha kung'aa inayotoka Hpakant, jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar. Hii haikuanza kuingia China kwa wingi mpaka karne ya 18.

Kwa hiyo muuzaji akikutolea hirizi ya kijani kibichi cha jadeiti na kukunong'oneza kwamba imetoka kwenye kaburi la enzi ya Han, miaka elfu mbili iliyopita, mheshimu kwa juhudi zake, lakini hadithi hiyo usiichukue. Mjukuu mmoja tu akisoma historia, imekwisha. Wewe chukua hadithi isiyo na mwaka wala kaburi: "Bibi aliitoa China." Basi. Ukiulizwa lini, tazama dirishani.

Na usikazanie kijani peke yake. Jade halisi huja nyeupe, ya zambarau, ya manjano, nyeusi, hata ya rangi ya kutu. Hili halikuhusu. Ndugu zako wanajua jade ni kijani, na wewe huendi kubishana na ndugu zako.

Hatua ya 2: Nunua ukiwa na haraka

Guangzhou unakwenda hata hivyo. Unalala Xiaobei na wenzako, unapakia kontena lako, unakwenda Foshan kutazama marumaru. Mtu makini angetenga siku nzima. Angekwenda mtaa wa jade wa Hualin, wilaya ya Liwan, asubuhi. Au akiwa Foshan angefika Pingzhou, ambako bangili za jade ndiyo kazi ya mji. Angezunguka vibanda vingi bila kununua, akashika, akarudisha.

Wewe nenda jioni ya mwisho, mizigo imeshafungwa, ndege ni alfajiri. Wazee wa biashara hiyo huonya kwamba jade haitazamwi chini ya taa, kwa sababu taa ya manjano hukifanya kijani kilichopauka kionekane kimeiva. Onyo zuri. Kwa hiyo itazame chini ya taa tu. Muuzaji akiwa mwungwana akakwambia usogee mlangoni penye mwanga wa jua, mwambie huna muda.

Mnunuzi makini pia hupitisha ukucha polepole kuzunguka bangili yote, ndani na nje. Ukucha ukikwama, huo ni ufa, na siku moja bangili itaachia hapo hapo. Usipokwama lakini jicho linaona mstari, huo mara nyingi ni mshipa wa jiwe lenyewe na si wa kuogopa. Wewe umetengeneza kucha juzi. Usiziharibu.

Sasa bei. Zamani wafanyabiashara wa jade walipatana kwa vidole, mikono imefichwa ndani ya mikono ya kanzu zao, ili wa pembeni asijue. Siku hizi utapewa kikokotoo. Andika robo ya alichotaja. Akikubali papo hapo bila hata kuguna, usijiulize kwa nini. Mshukuru, fungasha.

Hatua ya 3: Chagua jina lenye nchi ndani yake

Kanuni ni rahisi: jade ikipewa jina la nchi, mara nyingi hiyo si jade. "Jade ya Malaysia" ni kwatzi iliyotiwa rangi. "Jade ya India" ni aventurini. "Jade ya Australia" ni krisoprasi. "Jade ya Transvaal" ni aina ya ganeti kutoka Afrika Kusini, na hapo angalau umeunga mkono bara lako. Ipo pia "jade mpya", ambayo ni serpentini, jiwe laini linalokwaruzwa na kisu cha jikoni. Jina hilo lina ukweli wake: jade haijawahi kuwa.

Mengine ni mawe mazuri tu yenye majina yake, na yangeweza kuvaliwa kwa majina yake bila aibu. Lakini nani amewahi kupigiwa vigelegele kwa kuvaa serpentini?

Hatua ya 4: Cheti, cheti, cheti

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa kuogopa. Wanadhani cheti ni adui. Ndugu yangu, cheti ni rafiki, mradi asikisome mtu.

Kwanza kuna herufi. Sokoni China jadeiti hupangwa kwa A, B na C. Ndugu zako wamesoma shule, wakiona A watadhani jiwe limefaulu. Waache. Ukweli ni kwamba A maana yake ni jiwe halikuingiliwa, zaidi ya kung'arishwa kwa nta. Haisemi kama ni zuri. Kuna A ya kijivu yenye madoa ambayo muuzaji anakuuzia kwa bei ya sahani ya tambi, nayo ni A halali kabisa. Ukitaka kuwa mkweli bila kupata hasara, hiyo ndiyo njia yako. Nunua A mbaya. Lakini najua hutaki, kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Kinachopendeza kwenye picha ni B. Hii ni jadeiti kweli, imechimbwa kweli, ila imelowekwa kwenye asidi ikatolewa madoa yote ya kutu. Asidi imeiacha na vitundu ndani kwa ndani, kisha ikajazwa gundi ya plastiki ikakaza. Inatoka safi, angavu, laini. C ni iliyotiwa rangi. Na kwa wenye haraka zaidi ipo B+C: imelowekwa, imejazwa, imepakwa. Siku ya kununua B huishinda A nyingi kwa uzuri. Tatizo lake ni umri. Miaka ikienda, gundi huanza kugeuka manjano, na uso hupata mtandao wa nyufa nyembamba unaoonekana kwa lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Umeona jinsi mambo yanavyojipanga? Inaharibika taratibu, sawasawa na wewe. Mpaka ianze kukuumbua, huenda hupo.

Pili kuna jina. Hiki ni kipengele nikipendacho. Kwa taratibu za maabara za China, nefraiti inaweza kuandikwa "jade ya Hetian" kwenye cheti halali hata kama imechimbwa Qinghai, Urusi au Korea. Jina limekuwa la aina ya jiwe, si la mahali. Mnunuzi anayetafuta jiwe la Hetian yenyewe, la bondeni Xinjiang, anajua kwamba jina hilo kwenye cheti halimhakikishii asili, kwa hiyo huuliza zaidi na hulipa zaidi. Wewe nunua ya Siberia, onyesha cheti, kaa kimya. Hujasema uongo. Serikali imekusemea.

Tatu kuna uzito. Cheti kizuri huja kama kadi ngumu, kina picha ya jiwe, namba ya kukaguliwa mtandaoni, na uzito kwa gramu mpaka desimali. Mnunuzi makini huweka bangili kwenye mizani na kulinganisha, kwa sababu cheti kinaweza kuwa cha kweli kabisa na bangili ikawa nyingine. Wewe huna mizani, una kisanduku cha mahameli jekundu. Weka kadi chini, bangili juu, funga. Watu hawataangalia kadi. Wataangalia kisanduku.

Na usijisumbue kupeleka jiwe kwenye maabara huru mwenyewe kabla ya kulipa. Mashine yao ya miale ya infraredi huiona gundi ndani ya B hata kama macho yote ya ukoo hayaioni. Kifaa kisicho na adabu.

Hatua ya 5: Vipimo vya kuonyesha wageni

Kwenye kila familia kuna mjomba anayejua vitu. Mpe kazi. Mpe vipimo ambavyo kila jiwe hufaulu.

Cha unywele: zungusha unywele kwenye bangili, ukaze sana, upitishe moto wa kiberiti haraka. Usipoungua, sema kwa sauti, "Mmeona!" Hautaungua, kwa sababu jiwe hufyonza joto. Kioo nacho hufyonza.

Cha baridi: weka bangili shavuni mwa shangazi. Ni ya baridi. Kwatzi pia ni ya baridi, na chupa ya soda pia, lakini hakuna atakayeleta chupa ya soda.

Cha kukwaruza kioo: jade itakwaruza kioo. Kwatzi itakikwaruza vizuri zaidi. Ukiwa na serpentini, ruka kipimo hiki. Sema unaogopa kuharibu kioo cha watu.

Cha mlio: hapa uangalifu. Bangili ya A isiyo na ufa ikining'inizwa kwa uzi na kugongwa taratibu kwa nyingine hutoa mlio mwembamba unaodumu. B hutoa mlio mfu. Kwa hiyo usiining'inize kamwe. Igonge ikiwa mkononi mwako au juu ya kitambaa cha meza, ambako zote ni bubu, kisha umtazame mjomba mpaka atingishe kichwa.

Kuna kipimo kimoja cha hatari kweli, na ninakueleza ili ukitambue kikija. Kijana wako aliyefaulu fizikia ataingia na mizani ya jikoni ya betri na glasi ya maji. Atapima bangili: gramu 60. Ataweka glasi ya maji juu ya mizani, atairudisha mizani kwenye sifuri. Ataifunga bangili kwa uzi, ataishusha majini mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba. Ikisoma 18, atagawa 60 kwa 18, atapata 3.3, na hiyo ni jadeiti. Ikisoma 20 na ushee, atapata karibu 3, nefraiti. Lakini ikisoma 22 au 23, atapata 2.7 au 2.6, atanyanyua uso, na uso huo hutausahau. Hiyo ni kwatzi. Au serpentini. Au mbaya zaidi.

Haihitaji maabara, haihitaji cheti, haigharimu chochote. Kwa hiyo kila uonapo glasi ya maji, mizani na uzi vimekaa meza moja, taka kahawa. B hupita hapo bila kuumbuka, maana ni jadeiti iliyoghoshiwa na uzito wake haupungui sana. Nilikwambia B ni rafiki.

Hatua ya 6: Ivae isitoke

Chagua bangili ndogo kwa nusu saizi. Wachina wenyewe huvaa za kubana, huzivalisha kwa sabuni au kwa kuvisha mkono mfuko wa nailoni kwanza, na wengi huwa nazo mkononi miongo kadhaa. Utaumia dakika tano. Baada ya hapo hakuna mtu duniani anayeweza kuiazima, kuipima wala kuipeleka kwa sonara bila kukupeleka na wewe. Jibu lako kwa kila ombi ni lilelile, tena la kweli: "Mwanangu, haitoki."

Hatua ya 7: Tengeneza ukoo wa jiwe

Jiwe bila hadithi ni kokoto. Ukitaka watu wanyamaze kicheni pati, wape habari ya Barbara Hutton, binti tajiri wa Marekani, aliyepewa na baba yake mkufu wa shanga 27 za jadeiti alipoolewa mwaka 1933. Mwaka 2014 mkufu huo uliuzwa mnadani Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 27, na walioununua ni Cartier, walioutengenezea kifungo chake. Simulia yote, kisha uguse bangili yako kidogo, bila kusema neno. Usiseme zinahusiana. Watasema wao.

Wa upande wa dini na kifo, wape Liu Sheng, mwana wa mfalme wa enzi ya Han, aliyezikwa mwaka 113 kabla ya Kristo ndani ya vazi la vipande 2,498 vya jade vilivyoshonwa kwa nyuzi za dhahabu, ili mwili usioze. Kaburi lilifunguliwa mwaka 1968. Vazi lilikuwepo, yeye hayupo. Mwisho huo unaweza kuuacha ukiona wasikilizaji ni wagonjwa.

Hpakant usiitaje kabisa. Julai 2020 mlima wa kifusi uliporomoka pale kwenye machimbo, ukaua zaidi ya watu 160. Wengi walikuwa maskini wanaopekua mabaki ya migodi wakitafuta kipande kimoja cha kuwatoa. Hiyo ni sehemu ya ukoo wa jadeiti, A na B sawasawa, na haiendi na mahameli jekundu. Hapo feki yako, ikiwa ni kioo kitupu, ina haki ya kutembea kifua mbele kuliko ya jirani, na ndiyo mara moja tu katika mwongozo huu nitakapokushauri useme kweli: sema umenunua kioo. Hutafanya hivyo. Tuendelee.

Hatua ya 8: Ondoka kabla ya kupimwa

Itafika siku mkono umekonda na bangili inatoka yenyewe. Wajukuu wameanza kuiulizia. Mmoja ana rafiki anayefanya kazi ya vito Arusha. Usihangaike, Wachina wamekuandalia mlango wa kutokea.

Wanaamini kwamba bangili ya jade ikivunjika mkononi, imepokea balaa lililokuwa linamjia mvaaji. Yaani hakuna hasara. Imekufa badala yako. Kwa hiyo siku unayoiona inafaa, mbele ya mashahidi, teleza bafuni au shika vibaya mlango wa gari. Ikiwa ni B, itakusaidia kwa hiari, asidi ilishamaliza nguvu zake zamani. Inua vipande, vuta pumzi, sema, "Alhamdulillahi, ingekuwa mimi," au "Bwana asifiwe," kulingana na waliohudhuria. Hakuna mjukuu mwenye malezi atakayepeleka maabara kitu kilichomwokoa bibi yake.

Vipande usivitupe. Sonara atavitoboa na kuvitengenezea vidani, kila mjukuu chake, na wosia unakuwa mwepesi. Bangili nzima wangeigombania. Wakiwa watano na bangili imevunjika vipande viwili tu, ingia chumbani, ifunge kwenye kanga, tafuta nyundo.